Wino wa Majaribio

Hati ya Utayari ilikuwa na swali moja tu: "Je, stoo yako iko tayari kwa uchaguzi mkuu?" Chini yake kulikuwa na visanduku viwili vya kutia alama. Cha kwanza kiliandikwa Ndiyo. Cha pili kiliandikwa Ndiyo Kabisa.

Mtunza stoo wa ofisi ya Tume ya Uchaguzi ya wilaya, ambaye watu wote walimwita Bwana Stoo, hata marehemu mkewe, aliigeuza karatasi ile mbele na nyuma akitafuta kisanduku cha tatu. Hakikuwepo. Nyuma yake yalirundikwa mahema arobaini ya vituo vya kupigia kura, mapya, yaliyokuja bila nguzo. Pembeni kulikuwa na mashine za kusoma alama za vidole, zilizokuja na chaja za mashine nyingine. Halafu kulikuwa na vifuniko vya masanduku ya kura, mia nne na kumi na viwili. Masanduku yenyewe yalisemekana yamepelekwa wilaya ya jirani, ambako nako mtunza stoo mwenzake alikuwa ameshika tama akingoja vifuniko. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba. Bwana Stoo akatia alama kwenye Ndiyo, ile isiyo na Kabisa, akajiona ameutetea ukweli kwa kadiri ya uwezo wake.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimefika kamili, hakikupungua wala kuvunjika: wino. Chupa mia sita za wino usiofutika, zimepangwa kwenye katoni kama mayai, kila moja na lebo yake. "Hudumu siku thelathini. Hautoki kwa sabuni, limau, mafuta ya taa wala kwa njia nyingine yoyote." Bwana Stoo aliupenda wino ule. Kila asubuhi alizihesabu chupa bila sababu yoyote, kwa raha tu ya kuhesabu kitu kilichopo.

Ukimwuliza alikuwa akitaka nini katika uchaguzi ule, asingekutajia chama wala mgombea. Alitaka mama yake apige kura, basi. Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja na hajawahi kupiga kura hata mara moja. Si kwamba hakutaka. Ukimdadisi alikuwa akisema tu, "Nilikwenda, wakanirudisha," kisha anageuza maneno, anaulizia habari za bei ya sukari. Safari hii kadi anayo, jina limeonekana kwenye daftari, picha ni yake mwenyewe, na kituo kiko kwenye shule iliyo hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Kadi aliilaza chini ya mto, na kila alfajiri kabla ya kunawa uso alipapasa kuona kama ipo.

Sasa, magazeti yalikuwa hayajalala. Kila siku yaliuliza kama Tume itaweza. Msimamizi wa uchaguzi wa wilaya aliulizwa juu ya mahema, akajibu, "Tuko tayari." Akaulizwa juu ya mashine, akajibu, "Tuko tayari." Mwandishi mmoja, kwa uchokozi, akamwuliza saa ngapi, naye akajibu vilevile, na tangu hapo mji mzima ukamwita Tuko Tayari. Lakini kelele hazikwisha, na makao makuu yakatoa waraka: kila wilaya ichague kata moja, ifanye uchaguzi wa majaribio siku tisa kabla ya ule mkuu, mbele ya waangalizi, kwa wapiga kura halisi na vifaa halisi.

"Wagombea tu ndio hawatakuwa halisi, maana sheria hairuhusu," alisema Tuko Tayari, ameketi juu ya katoni ya wino ndani ya stoo. "Tumeweka Mwavuli na Ndoo. Watu wachague."

"Na wino, mkuu? Tutapaka maji ya rangi?"

"Tuna maji ya rangi?"

"Hatuna."

"Tuna nini?"

"Wino."

"Kitu pekee tulichonacho ofisi hii ni wino, Bwana Stoo, na wewe unataka tukifiche? Waangalizi wataangalia vidole. Wakiona kidole cheupe wataandika hatuko tayari."

Bwana Stoo akaona hilo lina maana. Hapa ndipo mtu unatamani kuwashika watu wazima mashati uwatikise. Vichwa viwili, kila kimoja kikiwa na zaidi ya miaka ishirini kwenye Tume, vimekaa juu ya lebo yenyewe, na hakuna hata kimoja kilichokumbuka kwamba tisa ni ndogo kuliko thelathini.

"Kitu kingine," alisema Tuko Tayari. "Waraka unataka mstari wa wazee nao ujaribiwe. Mama yako si bado anatembea?"

Mama hakukubali kirahisi. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na hakuinua macho.

"Majaribio ya nini?"

"Ya kupiga kura, Mama."

"Kura inajaribiwaje? Unapiga au hupigi. Mimi nangoja ile yenyewe."

"Ukija kwenye hii, ile yenyewe hutahangaika. Utakuwa umeshajua pa kuingilia na pa kutokea."

Akaendelea kutupa vijiwe. "Wewe utakuwepo?"

"Mimi ndiye nitakayekupaka wino."

"Haya, baba," alisema Mama. "Kwa ajili yako."

Hakuna aliyetarajia kwamba kata nzima ingelichukulia jambo lile kwa moyo. Picha za Mwavuli na Ndoo zilibandikwa kwenye kuta siku nne kabla, ili watu wazizoee, na kufikia jioni ya siku ya kwanza watu walikuwa wameshagawanyika. Fundi baiskeli wa pale njia panda alipanda juu ya meza yake akamnadi Ndoo. Ndoo hana maneno mengi, alisema, ukimtia maji anayashika, na tangu azaliwe hajawahi kufungwa akawekwa nyuma ya mlango. Mshona nguo wa upande wa pili wa barabara alikuwa wa Mwavuli. Mwavuli anakufunika wewe na mwenzako, alisema, na huyo Ndoo ukijifunika naye kichwani utaiona njia? Watu wakapiga makofi, wengine wakazomea. Majirani waliosalimiana miaka kumi wakanuniana. Wengi walisema waziwazi kwamba hawajapata kuona wagombea wazuri kama wale, ambao hawatukani mtu na hawakuahidi kitu.

Siku ya majaribio wakajitokeza watu elfu moja mia mbili na watatu kati ya elfu moja mia mbili na arobaini walioandikishwa. Hema halikuwa na nguzo, kwa hiyo watumishi wanne wa ofisi walisimama kwenye pembe nne wameinua mikono kutwa nzima, wakipokezana kila baada ya saa moja, na dereva aliposhikwa na chafya upande mmoja wa kituo ukamwangukia karani. Masanduku ya kura yalikuwa bado kwa jirani. Bwana Stoo akatafuta ndoo sita za plastiki, akazifunika kwa vifuniko halali vya Tume na kuvifunga kwa kamba. Papo hapo wafuasi wa Mwavuli wakaandika malalamiko kwamba kura zote zinatumbukizwa tumboni mwa mpinzani wao. Ukisema hawakuwa na hoja utakuwa unawaonea.

Mama alikuja amevaa nguo zake za kutokea. Alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa wazee. Bwana Stoo akakishika kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, kidole kilichopinda kwa kazi za miaka, akakichovya taratibu hadi kifundo cha pili.

"Baridi," alisema Mama, akakitazama kidole chake akatabasamu. Bwana Stoo hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwona akitabasamu vile, na kifua kikamjaa.

Ndoo akashinda kwa kura sitini na moja. Mwavuli hakukubali matokeo. Wilaya ilipata asilimia tisini na sita ya utayari, ya kwanza nchi nzima, na Tuko Tayari akatumiwa kikombe cha kung'aa, akakiweka juu ya kabati.

Ilikuwa asubuhi ya tatu baada ya hapo, kwenye chai, ndipo Mama aliponyoosha mkono wake mezani.

"Mwanangu, huu wino siku yenyewe mtaufanyaje?"

"Tutakupaka mwingine, Mama."

"Juu ya huu?"

Bwana Stoo akakiacha kikombe kikiwa kimejaa. Alikwenda ofisini mbio mbio kama mtu aliyeacha jiko linawaka, akaufungua Mwongozo wa Kituo, na kifungu kilikuwa pale pale kilipokuwa siku zote: mtu yeyote mwenye alama ya wino kwenye kidole chochote cha mkono wowote atahesabiwa kuwa amekwisha kupiga kura, na ataondolewa kituoni kwa heshima.

Akampelekea Tuko Tayari ukurasa ule. Mkubwa wake akausoma mara mbili. "Tuko..." akaanza, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakumalizia.

Wakaandika barua makao makuu. Jibu likaja siku ile ile, jambo ambalo halijawahi kutokea. Makao makuu yalifurahi kusikia kwamba wino unadumu, na yakaomba picha za vidole kwa ajili ya taarifa kwa vyombo vya habari. Wakaandika tena, safari hii kwa herufi kubwa. Jibu la pili lilikumbusha kwamba vifaa vyote vya majaribio ni mali ya Tume, na kwa hiyo virejeshwe stoo katika hali yake ya awali kabla ya siku ya uchaguzi, wino ukiwemo. Mtunza stoo atawajibika.

Bwana Stoo alitakiwa kurudisha wino kutoka kwenye vidole elfu moja mia mbili na vitatu. Na usicheke, alijaribu. Beseni zilipangwa mbele ya stoo, watu wakaitwa. Walisugua kwa limau, kwa jivu, kwa mafuta ya taa, kwa mchanga, kwa dawa ya kung'arishia nguo. Fundi baiskeli alileta kitu cha kusafishia minyororo, ambacho kiliondoa rangi ya beseni. Lebo ilikuwa imesema kweli. Katika vyote vilivyoingia stoo ile mwaka huo, lebo ile peke yake ndiyo iliyosema kweli.

Nyumbani alimkalisha Mama kwenye kiti, akapiga magoti na beseni mbele yake. Alisugua kwa jiwe la kusugulia miguu, polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi.

"Mwanangu," alisema Mama, bila kuuvuta mkono, "unanitoa ngozi."

Bwana Stoo akaliachia jiwe. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane amepiga magoti kwenye maji machafu. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomnyang'anya mama yake kitu kimoja alichokingoja, na kwa upendo, amekishika kidole taratibu.

Tuko Tayari ndiye aliyepata njia. Siku mbili kabla ya uchaguzi alimwita, akafunga mlango.

"Nimeisoma fomu ya waangalizi mara tatu," alisema kwa kunong'ona. "Inauliza, je, karani ameangalia kidole? Ndiyo au Hapana. Haiulizi ameona nini. Kata ile utakaa wewe kwenye kidole. Utaangalia, na hutaona."

"Watu elfu moja mia mbili, mkuu?"

"Elfu moja mia mbili na watatu. Wa kwanza ni mama yako."

Hilo likammaliza. Akaitikia kwa kichwa.

Siku ya uchaguzi, saa moja asubuhi, mstari ulikuwa umetoka kwenye lango la shule, umepita njia panda, umekata kona kwenye kinyozi. Masanduku yalikuwa yamefika hatimaye. Vifuniko havikuwepo, kwa sababu siku ile ile jirani alipowahurumia akawaletea masanduku, wao nao walimhurumia wakampelekea vifuniko, na magari mawili yakapishana njiani madereva wakapungiana mikono. Kwa hiyo masanduku yalifunikwa kwa karatasi za manila. Ndani ya darasa mwangalizi, mwanamke mrefu aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi, alikaa dirishani na kishikwambi chake mapajani.

Wazee waliitwa kwanza. Mama akaingia amevaa zile zile nguo za kutokea, kadi ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole kilikuwa cheusi tii hadi kifundo cha pili, na ukucha wake unang'aa. Bwana Stoo akakiinamia, akakitazama kwa muda ule ambao mtu anayetazama kweli angeutumia.

"Safi," alisema. "Hana wino. Apite."

Kule dirishani mwangalizi akagusa Ndiyo. Mama hakuondoka.

"Angalia vizuri," alisema.

"Nimeangalia. Pita, Mama."

"Huu ni nini?"

"Mama, nakuomba. Pita tu." Jasho jembamba lilikuwa likimtiririka mgongoni. "Karatasi yako ile pale. Ukifika pale basi, yamekwisha."

Mama alikuwa bado ameunyoosha mkono, na kidole kilikuwa katikati yao wote wawili.

"Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa na wewe tumboni," alisema. Hakupandisha sauti, lakini darasa lilikuwa limenyamaza na kila neno lilisikika. "Karani akafungua daftari akaniambia jina langu limekatwa, nimekufa. Nikamwambia, si mimi huyu nimesimama? Akasema daftari ndilo linalojua. Nikarudi nyumbani. Nilikuwa naona haya kuwaambia watu. Mara ya pili nikaenda, bado nimekufa. Na ya tatu. Miaka yote hiyo nipo, mnaniambia sipo. Leo nina wino, umenipaka wewe, na wewe niliyekuzaa unanitazama usoni unasema sina. Mimi mtaniona lini?"

Bwana Stoo akamtazama Tuko Tayari aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akamkonyeza: apite, apite. Kura ilikuwa hatua nne kutoka pale. Angenyamaza tu, angemshika mama yake mkono amsogeze, na jambo alilolitaka kuliko yote lingekuwa limetimia.

"Sema kilichopo," alisema Mama. "Ukishasema, nikipita nipite, nisipopita nisipite."

Bwana Stoo akasimama. Akamgeukia mwangalizi.

"Ana wino," alisema. "Nilimpaka mimi, siku tisa zilizopita, kwa chupa ya ofisi. Hata hao walioko nje wana wino, karibu wote. Tuliwapaka sisi. Nguzo hatukuwa nazo, masanduku hatukuwa nayo, mashine mpaka leo haziwaki. Niliulizwa kama tuko tayari, nikatia alama Ndiyo. Hatukuwa tayari."

Mwangalizi akakiinamia kishikwambi chake, akapandisha ukurasa, akateremsha. "Samahani," alisema, "hilo sina pa kuliandika." Kisha akakizima, akaomba karatasi, na karani mmoja akampa kipande cha manila kilichobaki kwenye masanduku.

Mara neno liliposemwa mbele ya watu, sheria nayo ikaamka. Tuko Tayari alipiga simu makao makuu akiwa ameugeukia ukuta, na aliporudi uso wake ulikuwa umesinyaa. Mwenye wino hapigi kura. Uchaguzi wa kata ile umesogezwa mbele hadi wino utakapokwisha, yaani siku ishirini na moja. Watu watawanyike kwa amani. Manung'uniko yakaanza mlangoni, yakatoka nje, yakaufuata mstari hadi kwa kinyozi. Kila aliyeambiwa alikitazama kidole chake kwanza, kama vile kingekuwa na jibu tofauti.

Bwana Stoo hakuthubutu kumtazama mama yake. "Nisamehe, Mama," alisema. "Ningekaa kimya ungekuwa umeshapiga."

Mama alikuwa akiifuta kadi yake kwa upindo wa nguo. "Hiyo siku nyingine," alisema, "mstari utaanzia wapi?"

"Hapa hapa. Mlangoni."

"Wazee kwanza?"

"Wazee kwanza."

"Basi mimi nimeshafika," alisema Mama, akatoka hadi kizingitini, akashika fremu ya mlango, akajishusha chini taratibu, akanyoosha miguu.

"Mama, ni siku ishirini na moja."

"Nimesikia, si nina masikio. Kaniletee godoro. Na maji ya kunywa."

Nyuma ya Mama, mzee mmoja mwenye mkongojo akalitazama godoro ambalo halijaja, akafikiri kidogo, naye akaketi. Mshona nguo akaketi. Fundi baiskeli, ambaye hakuwa amesema na mshona nguo tangu Ndoo ashinde, akamwomba asogee kidogo, akaketi karibu naye. Tuko Tayari akatoka nje mikono juu, akisema watu watawanyike, wasogee, waende nyumbani, mpaka sauti yake nyembamba ikakauka, na mstari ukaendelea kuketi, mtu baada ya mtu, hadi nje ya lango.

Bwana Stoo akaenda nyumbani, akarudi na magodoro mawili kichwani. La kwanza alimtandikia Mama kizingitini, akamwekea mto nyuma ya mgongo. Na yeye alikuwa amepiga kura ya majaribio kama watu wengine, na kidole chake kilikuwa cheusi kama vyao. La pili alilibeba akaupita mstari wote, akiwaomba watu wakunje miguu, akavuka njia panda, akakata kona. Kwa kinyozi mstari ulikuwa umekwisha, akamwuliza aliyekaa wa mwisho kama ndiye wa mwisho kweli, kisha akalitandika nyuma yake.